Swichi za homu na limiti kwenye CNC: mdundo ni ugonjwa mmoja, kelele za umeme ni ugonjwa mwingine

#1 Nati13

Wakuu, habari za kazi.

Kuna swali linalorudi kila mara kwa wenye mashine za CNC (za kukata zinazoongozwa na kompyuta): mashine inasimama katikati ya kazi ikidai limiti (swichi ya mwisho wa safari ya mhimili) imeguswa, wakati mhimili uko mbali kabisa na swichi. Je, niongeze dibaunsi (muda wa kupuuza mdundo wa ncha za swichi) kiasi gani? Na jibu huwa lilelile: ongeza. Isipotosha, ongeza tena.

Nami nilifuata ushauri huo. Kwenye GRBL (programu inayoendesha mashine kutoka bodi ndogo kama Arduino) nilipandisha $26, mpangilio wake wa dibaunsi kwa milisekunde, kutoka 250 inayokuja nayo hadi 1000. Mashine ikakata vizuri saa mbili nzima, nikaamini nimepona. Zikiwa zimebaki dakika chache ikatoa ALARM:1 (alamu ya limiti kuguswa), nafasi ikapotea, kipande kikaharibika. Iliniuma. Ubao unaweza kununua mwingine, lakini nilikuwa nimefanya nilichoambiwa na sikuelewa kwa nini hakikusaidia.

Ndipo nikafungua msimbo wa GRBL wenyewe, nikasoma sehemu ya limiti mstari kwa mstari. $26 si kichujio hata kidogo. Ni muda wa kutulia. Wakati wa kutafuta homu (mahali mashine inapoanzia vipimo vyake), mhimili hukimbilia swichi kwa mwendo wa $25. Ukigusa, programu huusimamisha papo hapo, halafu husubiri milisekunde za $26 ili ncha za swichi zimalize kudunda. Kisha hurudi nyuma umbali wa $27, husubiri tena, ndipo hugusa mara ya pili polepole kwa mwendo wa $24. Nje ya safari hiyo ya homu, $26 haina kazi yoyote.

Ukianza kukata, mlinzi ni mwingine. Kama umewasha limiti ngumu ($21), pini inalindwa na intarapti (ishara inayokatiza programu papo hapo), na kwa mpangilio wa kawaida intarapti hiyo haiulizi hata kama swichi kweli imebonyezwa. Pini ikibadilika hali, hata kwa muda mfupi mno, alamu inapigwa. Waliopanga hivyo walikuwa na sababu: ukiuliza hali ya pini wakati ncha zinadunda, unaweza kujibiwa kuwa swichi haijabonyezwa huku daraja la mashine likienda kugonga mwisho wa reli.

Sasa hapa ndipo ninapotaka tuelewane, kwa sababu watu wanachanganya mambo mawili.

Mdundo ni tabia ya chuma. Ncha mbili zinapokutana hazitulii mara moja. Zinagongana, zinaachana, zinagongana tena kama mpira ulioangushwa sakafuni, kila mruko mfupi kuliko uliotangulia. Kwa swichi ndogo zenye mkono, mara nyingi mchezo huo huisha ndani ya milisekunde 1 hadi 10 hivi. Yangu niliiangalia kwa oskiloskopu, ilidunda karibu milisekunde 3. Mdundo hutokea swichi inapobonyezwa au inapoachwa. Wakati mwingine wote haupo.

Kelele za umeme zinaingia kupitia waya. Inveta ya spindeli (mota inayozungusha kisu), waya za stepa mota, relei ya pampu ya maji, mota yenye brashi, vyote vinarusha. Waya wa swichi wenye mita tatu, uliofungwa pamoja na waya wa spindeli, ni antena. Kelele hazijali mhimili uko wapi.

Kwa hiyo kama mashine inalia bila kitu chochote kugusa swichi, usitafute dawa ya mdundo. Mimi tatizo langu lilikwisha kwa vitu vitatu: kebo yenye wavu wa chuma wa kuzuia kelele, rezista ya nje ya kuvuta pini juu, na kapasita karibu na pini. $26 nimeirudisha 250.

Karibuni, hasa mliowahi kupima.

#2 Kijana_wa_Leti

Mkuu Nati13, asante sana, umeandika kama uko karakana kwangu. Yangu ni GRBL 1.1 kwenye Arduino Uno, swichi za mkono aina ya NO (wazi mpaka zibonyezwe), spindeli inaendeshwa na inveta. Nikiwasha spindeli tu, mashine imesimama haijasogea hata kidogo, ALARM:1. Si kila mara, labda mara moja katika tatu. Homu yenyewe inafanya vizuri kabisa. Nimeshabadilisha swichi mbili mpya, hali ni ileile.

Kapasita ya ngapi? Na inakaa wapi, kwenye swichi au kwenye bodi?

#3 Mwalimu_Saketi

Kijana, usinunue chochote kwanza. Umeshatuambia jambo kubwa: mashine imesimama na alamu inakuja spindeli ikiwaka. Mdundo hapo haupo, isipokuwa mkono wa swichi unatetemeshwa na spindeli. Tutenganishe.

Mwenye swichi za NC (zilizofunga mpaka zibonyezwe) anaunganisha pini na ardhi kwa kipande kifupi cha waya kwenye bodi. Wewe una NO, basi fanya kinyume: chomoa kebo ya swichi kwenye bodi, acha pini ivutwe juu yenyewe. Washa na kuzima spindeli mara ishirini. Alamu ikiendelea, kelele inaingia kwenye bodi yenyewe au kupitia umeme unaoilisha, na waya za swichi zinasingiziwa.

Ikikaa kimya, rudisha kebo, lakini chomoa swichi kule mwisho. Washa tena mara ishirini. Alamu ikirudi, kebo ndiyo inayobeba. Ikikaa kimya mpaka urudishe swichi, basi mtetemo unaichezesha swichi, na dawa yake ni bisibisi: kaza, au ihamishe mahali pasipotikisika.

Multimita haitakuonyesha kitu hapa. Msukumo wa kelele ni mfupi mno.

Kuhusu rezista. Arduino Uno ina chipu ya ATmega328P, na rezista yake ya ndani ya kuvuta juu ni kati ya kiloomu 20 na 50. Huo ni mvuto dhaifu sana. Kelele kidogo tu ya waya wa jirani inaishusha pini. Weka ya nje ya kiloomu 2.2 au 4.7 hadi volti 5 na tayari umeifanya kazi ya kelele kuwa ngumu mara kadhaa.

Kapasita: nanofaradi 100, ya kauri, kati ya pini na ardhi, karibu na bodi iwezekanavyo. Ukiwa na kiloomu 4.7 na nanofaradi 100, zidisha upate milisekunde 0.47. Huo ndio muda ambao volti hupanda hadi asilimia 63. ATmega inahesabu juu kuanzia asilimia 60 ya volti ya ulishaji, kwa hiyo unachelewa chini ya nusu milisekunde. Lakini mtu akiweka kapasita hiyohiyo na kutegemea rezista ya ndani, anapata kati ya milisekunde 2 na 5, na hajui ni ngapi, kwa sababu hajui rezista yake imeangukia wapi kati ya 20 na 50.

Jambo moja watu wanasahau. Swichi ikifunga, kapasita inamwaga chaji yake yote kupitia ncha kwa mkupuo. Weka rezista ya omu 100 kwenye waya unaotoka kwenye swichi, kabla ya kufika kwenye kapasita. Volti 5 gawa kwa omu 100, mkondo haupiti miliampea 50, ncha zinadumu.

#4 Stepa23

Wakuu, kwa heshima zote, naona mnaikimbia programu bila sababu. Mimi natumia LinuxCNC (programu ya CNC inayokaa kwenye kompyuta) na nina kichujio cha programu tangu siku ya kwanza, sijawahi kuchomelea kapasita hata moja.

Kipo kijenzi kinaitwa debounce. Unakipakia kwa cfg=3 upate vichujio vitatu, unakiunganisha kwenye servo-thread (mzunguko wa programu unaojirudia), unaweka delay 5. Thread yangu inazunguka kila milisekunde 1. Ndani yake kuna kaunta: pini ikisomeka juu kaunta hupanda moja, ikisomeka chini hushuka moja, na tokeo halibadiliki mpaka kaunta ifike 5 au irudi 0. Msukumo mmoja wa kelele unaipandisha kaunta hatua moja, mzunguko unaofuata inashuka. Hakuna alamu. Mdundo nao unamezwa humohumo.

Watu wanasema kichujio cha programu kinaharibu usahihi. Tufanye hesabu. Natafuta homu kwa milimita 30 kwa sekunde. Milisekunde 5 ni milimita 0.15. Lakini kwa kasi hiyo, na uongezaji kasi wangu wa milimita 300 kwa sekunde mraba, breki yenyewe inakula milimita 1.5. Kichujio ni sehemu ya kumi tu ya umbali wa breki! Halafu vipimo halisi navichukua kwenye mguso wa pili, HOME_LATCH_VEL (mwendo wa mguso huo) ikiwa milimita 0.5 kwa sekunde. Milisekunde 5 hapo ni milimita 0.0025. Hakuna mashine ya mbao itakayoona tofauti hiyo.

#5 Nati13

Stepa23, hesabu yako iko sawa na nakubali nilizungumza kama mtu wa GRBL. Hata naiongezea nguvu: ule ucheleweshaji wa milisekunde 5 unajirudia uleule kila mara, kwa hiyo hauharibu hata homu. Unasogeza homu kwa kiasi kisichobadilika. Kinachoharibu ni kile kinachobadilika, yaani swichi imebadilika katikati ya mizunguko miwili ya thread au mwanzoni mwake. Hiyo ni milisekunde 1 kwa makisio mabaya zaidi. Kwa milimita 0.5 kwa sekunde ni milimita 0.0005.

Nisipokubaliana nawe ni hapa: kichujio chako kinafaa kwa sababu kelele zako ni misukumo mifupi iliyotawanyika. Inveta inarusha mfululizo, maelfu ya misukumo kwa sekunde, na thread inachungulia mara moja kila milisekunde. Ikitokea inachungulia mara tano ikakuta kelele mara tano, kaunta inafika. Bahati ndiyo imekulinda, pamoja na kebo fupi nadhani. Kichujio cha kwenye waya kinapunguza kelele kabla hazijafika kwenye pini, ndipo programu inabaki na kazi nyepesi.

Kwa wenye GRBL: ipo njia ya programu pia, ENABLE_SOFTWARE_DEBOUNCE ndani ya config.h. Ukiiwasha, intarapti haipigi alamu moja kwa moja. Inasubiri kama milisekunde 32 halafu inaangalia tena hali ya pini. Lazima ukusanye msimbo upya (compile), haiwashwi kwa alama ya dola. Kwa kukata kwa milimita 3000 kwa dakika, yaani 50 kwa sekunde, milisekunde 32 ni milimita 1.6 za ziada kabla ya kusimama. Angalia kama swichi yako ina nafasi hiyo kabla ya chuma kugonga chuma.

#6 Stepa23

Kebo yangu ni kama nusu mita, kweli. Sikuliwazia hilo.

#7 Fundi_Plasma

Mimi niko Mach3, programu nyingine ya CNC. Huku kuna kisanduku cha Debounce Interval na wengi wanaandika namba kubwa wakidhani ni milisekunde. Si milisekunde. Ni idadi ya mapigo ya kernel (kiini cha programu). Ukiwa kwenye kHz 25, kila pigo ni maikrosekunde 40, kwa hiyo 100 ni milisekunde 4. Nilikuta mtu ameandika 10, anashangaa mdundo haujaisha, kumbe amejipa milisekunde 0.4.

Mashine ya kukata kwa plasma inapowasha moto kwa masafa ya juu hakuna namba ya programu itakayokuokoa. Mimi nilihamia volti 24 na optokapla (kijenzi kinachopitisha ishara kwa mwanga). Kelele inayoweza kuisumbua pini ya volti 5 inashindwa kuwasha taa ya ndani ya optokapla, maana inabidi isukume mkondo wa kweli. Nimetumia optokapla ya PC817 na rezista ya kiloomu 2.2, napata takriban miliampea 10. Rezista iwe ya nusu wati, inapata joto. Kuna faida nyingine: ncha za swichi zinapenda mkondo kidogo wa kuzisafisha, na volti 5 kupitia rezista ya ndani ya maikrokontrola haizipi chochote.

#8 Kijana_wa_Leti

Nimefanya kama Mwalimu alivyosema. Kebo ikiwa imechomolewa kwenye bodi: mara 20, kimya. Kebo imerudi, swichi imechomolewa kule mwisho: alamu mara 7 kati ya 20. Kwa hiyo ni kebo. Na ni kweli, nimeipitisha kwenye mnyororo mmoja na kebo ya spindeli, mita mbili na nusu, waya za kawaida zisizo na wavu.

Swichi mbili nilizobadilisha zilikuwa nzima kumbe.

#9 Mzee_Spana

Vijana wangu, mnazungumza vizuri. Niongeze upande wa chuma, maana naona wote mko kwenye umeme.

Swichi ya mkono ina sehemu mbili: inapobonyea na inapoachia, na hazilingani. Mkono ukisogea mpaka swichi ibofye, lazima urudi umbali fulani ndipo iachie. Umbali huo ndio unaowapa watu ALARM:8 kwenye GRBL. Wameweka $27 milimita 1, mhimili unarudi milimita moja, swichi bado haijaachia, programu inasema imeshindwa kujitoa. Hapo utasikia mtu anaongeza dibaunsi. Ongeza $27 iwe 2 au 3, basi.

Halafu, chukueni vipimo mkiwa mnaelekea swichi au mkiwa mnaiacha, lakini iwe upande mmoja siku zote. Kwenye LinuxCNC, HOME_SEARCH_VEL (mwendo wa kutafuta) na HOME_LATCH_VEL zikiwa na alama moja (zote + au zote -), mashine inarudi nyuma na kugusa upya. Zikiwa na alama tofauti, inachukua pale swichi inapoachia. Mimi napenda ya kuachia, kwa swichi zenye mkono mrefu hasa, kwa sababu mkono tayari umekazwa na hauna ulegevu.

Pimeni. Funga geji ya saa (kipimo chenye mshale cha sehemu ndogo za milimita) mezani, ncha yake iguse daraja la mashine, tafuta homu mara ishirini, andika kila namba. Mashine yangu moja ilikuwa inatawanyika milimita 0.06. Nikabadilisha rezista, nikabadilisha kebo, haikusogea. Kilichokuwa kibaya ni kibati kilichoshika swichi, chembamba, kinapinda kila kikiguswa. Nikaweka cha milimita 4, ikashuka hadi 0.01. Chembe za chuma chini ya mkono nazo zinafanya hivyohivyo, futeni.

Sensa za kuhisi chuma bila kugusa hazidundi, hilo ni kweli, hazina ncha. Lakini nazo zina umbali wa kuwaka na umbali wa kuzima usiolingana, na zinahisi chembe zilizonasa usoni pake. Msizione kama muujiza.

#10 Printa_Mdogo

Shikamoo Mzee Spana. Wakuu, samahani, kwa wenye Marlin (programu ya printa za 3D) je? Nina ENDSTOP_NOISE_THRESHOLD (kichujio chake cha kelele za swichi), niiwashe?

#11 Nati13

Printa_Mdogo, soma maelezo yaliyoandikwa juu ya mstari huohuo kwenye Configuration.h. Wenyewe wanasema namba kubwa inaweza kupunguza usahihi wa baadhi ya proba za kitanda (vihisi vya kupima usawa wa kitanda), na kwamba dawa ni kapasita ya kauri ya nanofaradi 100 sambamba na swichi. Swichi nyingi zilizopachikwa kwenye kibao chake zinayo tayari. Angalia yako kwanza.

#12 Mzee_Spana

Marahaba mwanangu. Fuata alichosema Nati.

#13 Mwalimu_Saketi

Kijana, hongera, umepima kabla ya kununua.

Sasa fanya kwa mpangilio huu, na baada ya kila hatua rudia majaribio yako 20 ili ujue kipi kimekusaidia. Kwanza toa kebo ya swichi kwenye mnyororo wa spindeli, ipe njia yake, zikikutana zikatane kwa pembe mraba. Pili, kebo yenye wavu, wavu uunganishwe na ardhi upande wa bodi tu, upande wa swichi uachwe. Kebo ya spindeli ni tofauti: wavu wake uunganishwe pande zote mbili, kwenye inveta na kwenye mwili wa mota. Tatu ndiyo rezista na kapasita.

Na nina ombi. Ukishafungua kila kitu, hamia NC. Ukiwa na NO, waya ukikatika hutajua mpaka siku mhimili ugonge mwisho. Ukiwa na NC, waya ukikatika mashine inalia siku hiyohiyo. Utageuza $5 (mpangilio wa kusoma pini za limiti kinyume), basi. Tena mstari wa NC ukiwa umetulia unashikwa na ardhi moja kwa moja kupitia swichi, hauelei kwenye rezista dhaifu, kwa hiyo kelele nazo zinapata shida.

Nyongeza kwa wote: swichi ya dharura isipitie kwenye kichujio chochote cha programu, wala isisubiri maikrokontrola iamue. Ikate umeme wa mota na spindeli kwa relei au kontakta yake. Limiti zinalinda mashine. Ile inalinda mkono wa mtu.

#14 Kijana_wa_Leti

Wakuu, nimerudi baada ya siku nne.

Kutenganisha njia za kebo peke yake: alamu 3 kati ya 20. Kebo yenye wavu: alamu 1. Rezista ya 2.2 na kapasita ya 100, pamoja na omu 100 kwenye njia ya swichi: sifuri. Nikahamia NC, nikageuza $5, nikarudia mara 60 ili nisijidanganye: sifuri.

$26 iko 250, sikuigusa. Nimeazima geji ya saa, homu inatawanyika milimita 0.03 kwenye X na 0.02 kwenye Y. Z ni 0.08. Mzee Spana, kibati cha Z ni plastiki niliyochapa mwenyewe. Naanza na hicho kesho.